Mabuu ya Anisakis kwenye samaki: kupika au kugandisha?

Moto na baridi kali vyote huua mabuu ya Anisakis, mnyoo mviringo anayejificha tumboni na kwenye minofu ya samaki wa baharini.

Kwa kasi, moto hauna mpinzani. Nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika moja zinatosha, mradi joto hilo lifike katikati ya mnofu. Kipande kinene hudanganya macho, hivyo kipimajoto ni muhimu.

Kugandisha kunamfaa anayetaka kumla samaki mbichi, lakini kunadai subira. Mwongozo wa Marekani ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au agandishwe hadi awe mgumu kwa nyuzi 35 chini ya sifuri, kisha akae humo saa 15. Friza nyingi za nyumbani hazifikii baridi hiyo. Pima yako kwanza. Ukikuta haifiki, pika. Na tafadhali usitegemee ndimu wala siki, mabuu huvistahimili.

Mwenye mzio wa Anisakis asiamini njia yoyote kati ya hizi: baadhi ya protini zinazoamsha mzio hubaki hata mnyoo akishakufa.