Chuo Kikuu cha Liberty: Dhamira Iko Wazi, Usimamizi wa Fedha Una Maswali

Chuo Kikuu cha Liberty, kilichoanzishwa mwaka 1971 na mhubiri Jerry Falwell mjini Lynchburg, jimbo la Virginia, nchini Marekani, kinajinadi kuwa kinaandaa mabingwa wa Kristo, na kwa hilo hakimdanganyi mtu: masomo ya Biblia yamo katika mtaala, na ibada za pamoja zimo katika ratiba ya wanaoishi chuoni.

Upande wa fedha ndio wenye mengi. Katika miaka ya 1990 chuo kilielemewa na madeni mazito, na mwanzilishi alipofariki mwaka 2007, fedha za bima ya maisha yake ndizo zilizosaidia kuyamaliza. Utajiri wa sasa umetokana zaidi na masomo ya mtandaoni, waliko wanafunzi wengi, ambao karo zao hutegemea sana misaada na mikopo ya serikali kuu, ile ile ambayo viongozi wa chuo wamezoea kuikosoa.

Mwezi Machi 2024 Wizara ya Elimu ya Marekani ilikitoza faini ya dola milioni 14 kwa kukiuka sheria inayovitaka vyuo kutoa taarifa za uhalifu na kuwalinda waathirika. Kwa taasisi inayofundisha maadili, naliona doa hilo kuwa zito kuliko fedha zenyewe.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Anayekusudia kujiunga asiridhike na matangazo, bali asome fomu namba 990 ambayo chuo huwasilisha kwa mamlaka ya kodi, kwani iko wazi kwa umma na huonyesha hata mishahara ya wakuu.