Sefu ya kikundi: vitasa vya namba vyenye ufunguo wa akiba, kuanzia cha kununua hadi cha kuacha dukani

Sefu ya kikundi ina shida ambayo ya nyumbani haina: wanaoifungua ni wengi, na hawabaki walewale. Mweka hazina anamaliza muda wake, keshia anahamishwa tawi, mhasibu wa kanisa anaondoka. Namba ya siri inabadilishwa kwa dakika moja. Ufunguo haubadiliki, na aliyekuwa nao mwaka jana akauchongesha kwa fundi bado anao. Ndiyo maana katika kuvipanga vitasa hivi sikuanza na vitufe wala kioo kinachowaka. Nimeangalia ufunguo wa akiba, yaani ule unaofungua mlango namba au betri zikigoma, unafungua nini na unalala kwa nani.

1. Kitasa cha watumiaji wengi, chenye uwezo wa kudai namba mbili

Kama kikundi kina uwezo, kinunue hiki. Kila mtu ana namba yake, na msimamizi ana namba ya kuongeza na kufuta watu bila kugusa za wengine. Ukikiweka kwenye hali ya namba mbili, mmoja akiingiza yake mlango haufunguki mpaka wa pili aingize ya kwake. Baadhi hutunza kumbukumbu ya nani alifungua na saa ngapi, jambo linalozima ugomvi mwingi kabla haujafika kwa mwenyekiti. Vingine vina ucheleweshaji: unaingiza namba, unasubiri dakika ulizopanga, ndipo kinafunguka. Wakala wa fedha za simu anayeogopa kuvamiwa mchana akitafute hicho.

Vitasa vya daraja hili huuzwa peke yake, bila sefu. Majina utakayokutana nayo ni Sargent & Greenleaf, La Gard na SecuRam. Vingi vinafuata mpangilio mmoja wa matundu manne ya skrubu, kwa hiyo fundi anaweza kung'oa cha zamani na kufunga kipya bila kuchezea mlango. Kwa bei, kitasa peke yake kinaweza kuzidi sefu nzima ya bei nafuu. Uliza kama kina cheti cha EN 1300, kiwango cha Ulaya cha vitasa vya sefu. Daraja B la kiwango hicho linadai michanganyiko isiyopungua 100,000, na namba ya tarakimu sita inatoa 1,000,000. Vingi hujifunga dakika tano ukikosea mara nne mfululizo. Mtu wa kubahatisha anapata majaribio 48 kwa saa, na kuyamaliza yote kutamchukua zaidi ya miaka miwili bila kulala.

Cheti hakimaanishi kitasa hakina udhaifu. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON kule Las Vegas, mtafiti anayejiita Plore alionyesha namna ya kupata namba ya kitasa kimoja cha Sargent & Greenleaf kwa kupima umeme kinaotumia. Ila mwizi wa kikoba haji na vifaa vya maabara. Anakuja na ufunguo.

Tena hapa betri, mara nyingi ya volti 9, iko kwenye kibodi upande wa nje. Ikiisha unabadilisha na kuendelea, hivyo ufunguo wa akiba unahitajika tu siku elektroniki zenyewe zikifa. Ukiutaka, agiza toleo lenye ufunguo mrefu wa chuma, wenye mabapa mawili kama mbawa za kipepeo, na ukumbuke kwamba ufunguo huo unavuka ulinzi wa namba mbili: anayeushika anafungua peke yake. Utiwe kwenye bahasha, viongozi watatu wasaini juu ya gundi, na ukae jengo jingine.

2. Namba na ufunguo kwa pamoja

Wauzaji wengi hawatofautishi "namba *au* ufunguo" na "namba *na* ufunguo". Kwenye aina ya pili kuna vitasa viwili kwenye mlango mmoja na vyote lazima vifunguke. Katibu ana namba, mweka hazina ana ufunguo, na hakuna anayeweza peke yake. Kwa kikundi cha watu wanaokutana mara moja kwa wiki, hii inatosha kabisa. Ubaya wake ni kwamba si akiba: ufunguo ukipotea mmekwama mpaka fundi aje, kwa hiyo uwepo wa pili kwenye bahasha.

3. Namba moja ya wote, kitasa chenye cheti

Kinafaa ofisi ya watu wawili watatu. Kila mtu akiondoka, badilisha namba siku hiyohiyo, na usiache ya kiwandani, ambayo kwa kawaida ni 123456.

4. Sanduku la kufuli tatu

Si la kielektroniki, lakini siwezi kuliruka. Vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo ulioanzishwa na shirika la misaada la CARE nchini Niger mwaka 1991 hutumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Mwanachama akihama unabadilisha kufuli moja. Ninaliweka juu ya kinachofuata bila kusita.

5. Sefu ndogo ya vitufe, ile iliyojaa madukani

Chungulia mlango. Kuna kifuniko kidogo cha plastiki, mara nyingi chenye nembo. Kibanue kwa kucha uone tundu la ufunguo, mara nyingi la duara. Betri nne za AA ziko ndani ya mlango, kwa hiyo zikiisha huna njia ila ufunguo huo. Wapo wanaoufungia ndani ya sefu, pamoja na wa pili.

Komeo linazuiwa na pini ndogo inayovutwa na koili ya umeme. Kwenye nyingi, sumaku yenye nguvu ikiwekwa mahali pake inaivuta, na pigo la ghafla juu ya sefu huku kitasa kikizungushwa linaweza kuirusha. Namba za kiwandani mara nyingi ni 159 ya mtumiaji na 168 ya msimamizi, na wengi huibadilisha ya kwanza tu.

Kinachoniudhi zaidi kwa matumizi ya kikundi ni kitufe chekundu cha kuweka namba mpya, upande wa ndani wa mlango. Yeyote aliyesimama karibu na sefu iliyo wazi anakibonyeza, anaingiza namba yake, basi. Hakuna anayejua mpaka mkutano ujao.

Ukilazimika kuinunua, iwe kwa nyaraka, na uifunge ukutani kwa bolti, maana nyingi mtu mmoja anaibeba. Dukani, omba ufunguo wa sefu moja uujaribu kwenye nyingine ya toleo lilelile. Ikifunguka, rudisha zote mbili rafuni. Weka betri za alkali, hasa ukiwa pwani, kwa kuwa za bei rahisi huvuja na kula migusano. Futa pia vitufe mara kwa mara: namba nne tofauti zilizoacha alama ya vidole zinabakiza michanganyiko 24 tu.