Uwanja Wazi au Ua Wenye Kuta: Mahali pa Kulinganishia Spika za Kujitengenezea

Wanaopanga kukutana nje ili kulinganisha spika walizojitengenezea huwa na chaguo mbili kuu, yaani uwanja mpana usio na majengo karibu au ua uliozungukwa na kuta.

Uwanjani, sauti ikishatoka kwenye spika hairudi tena, isipokuwa ile inayogonga ardhi. Kwa hiyo kila umbali unapoongezeka maradufu, kiwango cha sauti hushuka kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na msikilizaji husikia tabia ya spika yenyewe. Besi, yaani sauti nene, ndiyo huwashtua wengi, kwani kasha la spika lililonguruma chumbani kwa msaada wa kuta na pembe huonekana dhaifu ghafla, ilhali halijaharibika. Uani hali ni nyingine kabisa. Ukuta ulio mita 5 nyuma ya msikilizaji humrudishia sauti baada ya milisekunde 29 hivi, na ukuta ulio karibu na spika hukuza baadhi ya masafa ya sauti, nene au nyembamba, na kufifisha mengine, kiasi kwamba spika mbili zilizoachana hatua chache tu haziwezi kulinganishwa kwa haki.

Ua una faida ya umeme ulio karibu na upepo mdogo, maana upepo huvuruga vipimo vya maikrofoni hata ikivishwa sponji. Uwanjani itahitajika betri, au jenereta iliyowekwa mbali. Hata hivyo ningechagua uwanja bila kusita, mradi spika zote zisimame mahali pamoja kwa zamu na zisawazishwe ukubwa wa sauti kwa kipima sauti, kwa sababu ile inayosikika kwa nguvu zaidi, hata kidogo tu, hudhaniwa kuwa bora.