Kituo cha wazee alikohamia shangazi, Moshi: jiko zuri, saa za kula hapana

Nawapa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu zimetoka jikoni. Jina la kituo siliweki, kwa sababu malalamiko yangu nimeshawapelekea wenyewe na bado tunaelewana. Ni nyumba ya watu binafsi, pembeni ya mji. Vitanda safi, bustani nzuri, wahudumu wana adabu na shikamoo hazikauki. Ada inategemea hali ya mzee, kwa hiyo kiasi tunacholipa sisi hakitakusaidia.

Shangazi alihamia pale baada ya kuvunjika nyonga. Hakujaliwa mtoto, kihamba chake (shamba la nyumbani) Marangu kina migomba lakini hakina mtu wa kukaa naye, na sisi watoto wa kaka zake tuko Arusha na Dar. Najua Wachagga wenzangu wanavyosema ukimpeleka mzee kituoni. Waseme. Mimi nilikuwa naangalia sahani.

Kilichonivutia mwanzoni ni kwamba siku ya kumpokea nesi alimpima uzito, kisha akazungusha futi ya fundi cherehani kwenye shavu la mguu. Likiwa chini ya sentimita 31, misuli imeshaanza kupungua. Wanajaza fomu ya MNA, ya kupima hali ya lishe ya mzee, yenye alama 14: kuanzia 12 mzee yuko sawa, 8 hadi 11 yuko hatarini, 7 kushuka ni utapiamlo. Shangazi aliangukia katikati. Wanarudia kumpima kila mwezi na daftari unaonyeshwa bila kuomba mara mbili. Ukitembelea kituo kingine, uliza hilo daftari kabla ya kuuliza kitu chochote.

Sasa chakula. Asubuhi uji wa ulezi wenye maziwa, na yai. Mchana wanabadilisha: wali na maharage, ugali na dagaa waliosagwa, ndizi nyama. Lakini mtori wao ndio unaobeba nyumba nzima. Ndizi mshare wanazifuata Kiboriloni, nyama inachemshwa mpaka inaachia mfupa, kisha vyote vinapondwa pamoja na kumaliziwa na maziwa. Shangazi meno yake ya mbele yaliisha zamani, na meno bandia anayavaa kanisani tu. Kwa mtu kama yeye kipande cha nyama kwenye mchuzi ni pambo. Atakinyonya na kukirudisha pembeni. Mzee anahitaji angalau gramu moja ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kila siku, na yai moja lina kama gramu 6 tu, kwa hiyo nyama isipopondwa hesabu haifiki. Mpishi yule hajasomea lishe, ila anajua usipoongeza maji mtori ili utoshe watu wengi, mzee anashiba kwa bakuli dogo. Kuna babu kutoka Arumeru anayetaka loshoro, chakula cha mahindi na maziwa mgando, naye anatengenezewa akiomba. Mbege, pombe yetu ya ndizi, hawampi mtu, na babu mmoja wa Kibosho analalamikia jambo hilo kila akiona mgeni. Nadhani ana hoja.

Wanapokosea ni kwa wale wasioweza kutafuna kabisa. Wali, maharage na mchicha vyote vinatupwa kwenye blenda moja, kinatoka kitu cha rangi ya tope. Siku shangazi alipougua kinywa wakamletea hicho, akakitazama, akasema, "Hiki kimeshaliwa." Hakugusa. Kusaga kila kitu peke yake na kukipanga sahani moja hakuongezi gharama, kunaongeza vyombo vya kuosha.

Chumvi tulibishana kidogo. Ana presha, na wao waliiondoa kabisa. Naelewa, Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku. Lakini ulimi wa mzee umeshafifia, na chakula kisicho na ladha kinarudi jikoni. Hata wataalamu wa lishe ya tiba wa Ulaya, ESPEN, wanashauri mzee aliye hatarini kukonda asiwekewe masharti yanayomfanya ale kidogo. Tukakubaliana na daktari wake: chumvi kidogo, na vitunguu saumu, ndimu na tangawizi kwa wingi. Sahani zikaanza kurudi tupu.

Maji nayo. ESPEN hao hao wanataja lita 1.6 za vinywaji kwa siku kwa mwanamke, 2 kwa mwanamume, na kiu ya mzee haimwambii ukweli. Shangazi alikuwa anamwaga maji kwenye maua. Sababu niliipata kwa kukaa naye tu: choo kiko mwisho wa korido, usiku taa haiwaki, na mguu wake hauaminiki. Anayeogopa kwenda chooni usiku hanywi mchana. Waliweka taa na ndoo yenye kiti chumbani, na ugomvi wa maji ukaisha wiki hiyo hiyo.

Nyota mbili zilizobaki zimekatwa na saa. Chakula cha jioni ni saa kumi na moja, kwa sababu wapishi wanawahi daladala. Chai ya asubuhi ni saa mbili. Hapo ni saa 15 tumbo tupu. Kanuni za Marekani kwa nyumba za wazee zinaishia saa 14, na kufika 16 wanaruhusu tu kama mzee amepewa kitu cha maana kabla ya kulala. Nilipendekeza uji kwenye chupa ya chai saa tatu usiku, mhudumu wa zamu amimine. Walikubali kwa shangazi, ila nyongeza nalipa mimi, na wazee wasio na wa kuwasemea wanalala kama kawaida. Hilo linanikera kuliko hela.

Desemba jiandae. Watu wote wamerudi nyumbani, kila ukoo unakuja na keki, soda na biskuti, wenye kisukari wanalishwa kwa upendo, halafu saa ya mtori hakuna mwenye njaa. Peleka parachichi, maziwa mgando au mayai, na mkabidhi mpishi.

Kama mzee wako anajilisha mwenyewe na anapenda ndizi, pale atapapenda. Kama analishwa kwa kijiko, uliza kwanza zamu ya jioni ina wahudumu wangapi, maana nilikuta mmoja na wazee wanne mezani, na wa nne alikuwa anakula chakula kilichopoa. Ukaguzi nenda siku ya kazi saa kumi na moja jioni. Jumapili mchana kila kituo kinapika vizuri.