Hema la dola 85, kutoka Lubumbashi hadi mchanga wa Sossusvlei, Namibia

Nililinunua hapa mjini, katika duka linalouza majenereta na viti vya plastiki, na vitu vichache vya kambi vimening'inizwa ukutani. Muuzaji alianza na dola 120, tukaishia 85. Jina la duka nitalinyamazia kwa sababu ya vigingi, mtaona. Kwenye mfuko wameandika "watu 4". Labda wanne wa shule ya chekechea. Sisi tulikuwa watatu, mimi, mdogo wangu na binti yangu, na mabegi yalilala garini.

Kijana wa duka alilisifia jambo moja tu. "Papa, hii maji haiingie hata kidogo." Nikamwambia tunaenda Namibia, jangwani. Akasema basi ni vizuri zaidi, litakaa miaka mingi. Nyumbani Katuba nililimwagia ndoo mbili za maji, ndani kukabaki kukavu kabisa. Nikafurahi. Nililipatia mtihani ambao kule hakuna anayeutoa.

Tuliondoka mwezi wa saba. Kasumbalesa, Lusaka, Livingstone, daraja la Katima Mulilo, Rundu, Windhoek, kisha jangwani: zaidi ya kilomita 2,500 za kwenda tu, na kuanzia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, unaendesha mkono wa kushoto. Nawaonya kitu kimoja cha njiani. Kusini ya Rundu, pale Mururani, kuna uzio wa mifugo na askari wanapekua gari: nyama mbichi ya ng'ombe au mbuzi haivuki. Bibi yangu alikuwa ametufungia mbuzi mzuri, tukamchoma kabla ya kufika huko na kumla kwa haraka kama wezi. Kapenta zetu kavu, wale samaki wadogo, zilipita.

Sasa vigingi. Viko 12, vya alumini, vyembamba kama spoku za baiskeli. Kambi ya Sesriem, mlangoni mwa hifadhi ya Namib-Naukluft, ina ardhi ya namna mbili: hapa ngumu kama sementi, hatua mbili pembeni mchanga mtupu. Kwenye ngumu vilipinda vinne. Kwenye mchanga vilichomoka kwa kidole. Usiku wa pili ukaja upepo wa mashariki, hema likaanza kutembea nasi tukiwa ndani. Kilichotuokoa ni mifuko mitupu ya unga ya kilo 25 ambayo bibi yangu alifungia mablanketi. Mdogo wangu aliijaza mchanga nusu, akafunga kamba za hema shingoni mwa mifuko, akaifukia. Halikusogea tena.

Mchanga wenyewe uliingia kwa njia nyingine. Madirisha ni chandarua kisichofungwa, na turubai la juu linaishia kiganja kimoja kabla ya kugusa ardhi. Asubuhi tulitafuna mchanga, na zipu ya mlango ilikuwa imekwama katikati. Halafu baridi. Mtu wa Lubumbashi anajifanya anaijua baridi ya mwezi wa saba, lakini ile ya Sesriem inapanda kutoka chini. Sakafu ya hema ni karatasi tu. Bila magodoro membamba na mablanketi mawili kwa kila mtu, msiende.

Nguzo sina neno nazo. Zilijikunja kama upinde usiku kucha na hakuna iliyopasuka. Na bidoni za lita 20 za duka lilelile, dola 7 kila moja, hazikuvuja tone. Kama duka lingeuza bidoni tu, ningeliandika jina lake kwa herufi kubwa.

Mnaopanga safari kama hii, lipieni nafasi ndani ya hifadhi yenyewe, mapema. Aliyelala ndani anaruhusiwa kuondoka saa moja kabla ya jua kuchomoza, wa nje anasubiri. Kutoka Sesriem hadi Sossusvlei ni kilomita 60 za lami, kisha 5 za mchanga mzito. Mimi ni fundi wa magari, nilipunguza upepo wa matairi na bado niliomba Mungu. Kilima cha mchanga cha Big Daddy kina zaidi ya mita 300. Magoti yangu yaliniuliza maswali katikati, nikarudi. Binti yangu alifika juu, akateremka akikimbia hadi Deadvlei, kwenye ile miti mikavu iliyokufa karne nyingi zilizopita baada ya vilima kuuzibia mto Tsauchab njia. Alikuwa na lita nne na nusu za maji mgongoni na alirudi na chupa tupu.

Hema nalipatia alama tatu kwa tano. Zipu iko kwa fundi wa mabegi Kamalondo, vigingi nimejichomelea mwenyewe gereji, vya nondo. Mwezi wa tisa linaenda Kundelungu, kwenye maporomoko ya Lofoi, na mifuko ya unga inaenda nalo.