Mushishi: mganga asiyemtafuta mchawi

Nimemaliza kuitazama Mushishi, anime (katuni ya Kijapani), yote kwa mara ya pili, msimu wa 2005 wenye sehemu 26 na ule uliofuata mwaka 2014. Kila ninapoitaja kwa wapenzi wa anime naulizwa kwanza, "Kuna mapigano?" Hayamo. Hakuna adui mkuu wala mtu anayeongezeka nguvu kila wiki. Kuna Ginko, mtu mwenye nywele nyeupe na jicho moja la kijani, anayetembea kwa miguu milimani na vijijini katika Japani ya zamani, sanduku la mbao la dawa mgongoni. Anafika mahali, anasikiliza shida, anatibu akiweza, anaendelea na safari.

Anachotibu ni madhara ya mushi. Kwa Kijapani cha kawaida neno hilo ni mdudu, lakini humu lina maana pana zaidi, na Ginko analieleza katika sehemu ya kwanza kwa kutumia mkono. Vidole vinne ni wanyama, dole gumba ni mimea. Binadamu yuko kwenye ncha ya kidole cha kati, mbali kabisa na moyo. Ukishuka kuelekea kiganja unawakuta viumbe wa hali ya chini zaidi, na pale kwenye kifundo, mishipa inapoungana, wapo kuvu na vijidudu. Panda na mkono, pita begani, karibia moyo: huko ndiko waliko mushi. Nilisimamisha video nikautazama mkono wangu mwenyewe. Sijawahi kuona katuni ikimweka binadamu ukingoni kiasi hicho bila kumdharau.

Mushi si majini wala mizimu. Hawana kinyongo na mtu. Wanaishi tu, wanakula na kuzaana, na pale maisha yao yanapogongana na yetu ndipo mtu anapopofuka, anapokuwa kiziwi, anaposahau. Ginko hawaui hovyo, na wala hamlaumu mgonjwa.

Hapo ndipo iliponishika. Nimekulia katika nyumba ambamo ugonjwa lazima uwe na mwenyewe. Mdogo wangu alipoanza kuanguka kifafa akiwa darasa la tatu, hakuna aliyeuliza ana nini, waliuliza nani. Jibu likamwangukia shangazi, dada yake baba, tuliyepakana naye kwa uzio wa michongoma. Dawa za hospitali zilikuja baadaye na zikamtuliza mtoto, lakini michongoma ilishaachwa ikue hadi mtu haoni ng'ambo, na mlango uliokuwa katikati ulishazibwa kwa miiba. Kwa hiyo nilipomwona mganga anaingia kwenye nyumba yenye mgonjwa, anaketi, anauliza kulikuwa na nini msituni, mvua ilinyeshaje, mtoto amekuwa akilala wapi, na hata mara moja haulizi ni nani mwenye chuki na familia hii, nilijikuta nalia.

Sehemu ya tatu ndiyo ninayompa mtu anayetaka kuonja. Kijiji kimefunikwa na theluji, na watu wanapoteza usikivu wa sikio moja. Kuna mushi wanaokula sauti. Waliopatwa nao wanatibika kwa maji ya chumvi yanayomiminwa sikioni, basi. Lakini yupo mtoto mmoja, Maho, aliyeota pembe nne kichwani, na yeye tatizo lake ni kinyume: anasikia sauti nyingi mno, usiku na mchana. Mama yake alikufa kwa ugonjwa huohuo akiwa amekaa anaziba masikio kwa viganja. Siwezi kueleza jinsi fumbo linavyofumbuliwa nisiharibu, ila jaribu hivi: bana masikio yote mawili kwa viganja, kwa nguvu, utulie. Kuna ngurumo ya mbali. Ni mwili wako. Tangu siku hiyo nimeifanya mara nyingi kitandani.

Nyingine ni ya tisa, ya kijiji chenye mbegu inayoleta mavuno tele mwaka wa njaa, kisha mavuno yakiisha mtu mmoja mnyonge anaota jino la ziada na kufa. Mama yangu mkulima nilimtafsiria sentensi kwa sentensi. Akaniambia, "Mwaka wa njaa mbegu hiyo ningeipanda." Tukakaa kimya muda mrefu. Sijaona kipindi kingine kilichoweza kutukalisha hivyo mimi na yeye.

Sauti imefanyiwa kazi kubwa, kwa hiyo vaa spika za masikioni. Kwa spika ya simu utapoteza nusu. Muziki ni wa Toshio Masuda, na kila sehemu inafungwa kwa muziki wake yenyewe, hivyo usikimbilie kuruka majina ya watengenezaji yanayopita mwishoni. Mwongozaji Hiroshi Nagahama ndiye aliyesimamia misimu yote miwili, na licha ya miaka mingi katikati, huoni mshono. Hadithi zenyewe zimetoka kwenye manga (vitabu vya hadithi za picha) ya Yuki Urushibara.

Kasoro zipo. Sehemu hazifuatani, na ukizitazama tano mfululizo mtindo wa kufika, kutibu na kuondoka unaanza kuchosha. Mimi natazama moja kwa usiku. Ginko anavuta sigara karibu kila wakati. Ndani ya hadithi moshi huo una kazi ya kuwafukuza mushi, lakini ukikaa na watoto waeleze. Na tafsiri ya Kiswahili sijaipata, kwa hiyo asiyesoma Kiingereza haraka atahitaji mtu wa kukaa naye.

Mwezi uliopita mdogo wangu, sasa ana miaka ishirini na miwili, alikuja likizo, nikamwekea sehemu ya tatu. Hakusema neno mpaka ikaisha. Kisha akaziba masikio kwa viganja, akafumba macho, akakaa hivyo, na mama akamtazama kutoka jikoni akiwa ameshika mwiko, asimwulize kitu.