Kifuniko cha wavu kwa tangi la samaki lililo wazi juu: kinafaa wapi, kinashindwa wapi

Ndani ya boksi la seti ya kujiundia kifuniko cha wavu, cha kuzuia samaki wasiruke nje ya tangi, huwa mna vipande vinne vya fremu ya aluminiamu, kona nne za plastiki, wavu angavu wa nailoni wenye matundu ya mm 6, raba ndefu ya kubania wavu kwenye mfereji wa fremu, na kigurudumu cha kuisukumia raba hiyo. Ukiacha wavu, vingine vyote ni vya dirisha la kuzuia mbu. Kwa hiyo aliyeko Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi hana haja ya kusubiri mzigo kutoka nje: fundi aluminiamu wa mtaani anavyo, na kinachobaki kutafutwa ni wavu angavu peke yake.

Wavu huo ndio wa kulipia. Ule wa mbu wa faibaglasi, wa kijivu, humzuia samaki bila shaka, lakini matundu yake ni madogo mno. Mwanga unapungua, na matone yanayorushwa na filta yananasa humo yakikauka kuwa utando wa chokaa, au wa chumvi kwa tangi la maji ya bahari. Wavu angavu wa mm 6 hupitisha mwanga karibu wote, tena hunesa kidogo samaki anapougonga, tofauti na kioo. Ule wavu mgumu wa plastiki wa kufunikia taa za ofisini, ambao wengi huukimbilia kwa urahisi wa bei, una miraba ya karibu mm 12. Samaki mwembamba anapita humo bila hata kukwaruzwa.

Hata mm 6 si kwa kila samaki. Kinachopimwa ni unene wa kichwa, si urefu wa mwili. Nothobranchius guentheri, yule samaki mwenye rangi kali wa madimbwi ya Unguja, akiwa bado mdogo anapenya. Wake ni wavu wa mm 3. Cyprichromis, samaki wa jamii ya cichlidi wa Ziwa Tanganyika, wanatoshwa na mm 6, na hao ndio hasa wa kununuliwa kifuniko, maana dume akifukuzwa na mwenzake hukimbilia juu, si pembeni. Betta (samaki mpiganaji), Carnegiella (samaki mdogo wa mito ya Amerika Kusini) na Nemateleotris magnifica (wa miamba ya matumbawe) nao wasiwekwe kwenye tangi lililo wazi hata kwa usiku mmoja.

Sasa kuunda. Kazi nyingi huharibikia kwenye kupima. Pima urefu na upana sehemu tatu tatu, kwa kuwa tangi la kuunganishwa kwa silikoni mara nyingi halinyooki sawasawa, kisha ushike kipimo kidogo kuliko vyote. Tuchukue tangi la sm 120 kwa 45, fremu ikilala juu ya ukingo wa kioo. Kona ya plastiki ikiwa na mm 19, kila ubavu unapata kona mbili, yaani mm 38. Aluminiamu itakatwa vipande viwili vya mm 1162 na viwili vya mm 412. Asiyetoa hizo 38 ataishia na kifuniko kinachoning'inia nje ya tangi. Fundi akikata kwa nyuzi 45 na kutumia kona zinazojificha ndani ya fremu, hakuna cha kutoa.

Wavu ukatwe uzidi fremu kwa sm 5 kila upande. Fremu ilale kwenye meza iliyo sawa, raba ianzie kona moja na kuzungushwa ubavu kwa ubavu, mkono mwingine ukiunyoosha wavu bila kuuvuta. Kosa linalojirudia ni kuukaza kama ngoma. Pande mbili ndefu huvutwa ndani, fremu inapata kiuno, na pengo la sm 1 linafunguka katikati ya tangi. Dawa yake ni kubana vipande vya mbao mezani kwa ndani ya fremu wakati wa kazi, na fremu inayozidi mita 1 kuwekewa kipande cha kukingama katikati. Raba nayo ijaribiwe kwa kucha. Ile iliyochaguliwa kwa wavu wa mbu mara nyingi ni nyembamba mno hapa, kwani wavu angavu una nyuzi chache za kujaza mfereji. Ikichomoka kwa kucha, panda saizi moja. Mabaki ya wavu yakatwe kwa wembe mpya upande wa nje wa raba, ncha ikielekea nje.

Kwa maji ya bahari, aluminiamu isiyopakwa rangi ya unga huanza kutoa vumbi jeupe, na kinachoanza kuliwa ni pale ilipokatwa. Ncha hizo ziishie ndani ya kona za plastiki, na kusiwe na skrubu ya chuma cha kawaida juu ya maji.

Seti nyingi zinaonyesha kifuniko kwenye tangi lisilo na mabomba wala waya, na hapo ndipo tunapozikata alama. Tangi la kweli lina bomba la filta, waya wa hita na mguu wa taa. Ukikata kona nzima ya wavu ili bomba lipite, umemwachia samaki njia. Kata tundu lenye ukubwa wa bomba lenyewe, ulizungushie kipande cha plastiki ngumu kilichoshonwa kwa uzi wa nailoni, na nafasi inayobaki ijazwe sponji ya filta. Wenye tangi lenye kisanduku cha kumwagia maji kwenda filta ya chini wakifunike nacho: samaki wengi "waliopotea" wameruka wakaangukia humo, na huko hai wanaweza kukaa siku kadhaa.

Erpetoichthys calabaricus, samaki mwembamba kama nyoka wa Afrika Magharibi, ni habari nyingine. Huyo haruki tu, husukuma, na fremu hii ni nyepesi kiasi cha kuinuliwa. Mikunga nao hali kadhalika. Ama uweke vibanio pande zote nne, ama utumie kioo. Kioo cha mm 4 kina uzito wa kilo 10 kwa mita ya mraba, hivyo kwa tangi letu la sm 120 kwa 45 ni kilo 5.4, hakiinuliwi, ila kikatwe vipande viwili ili mkono uweze kukishika. Akriliki ya mm 3 hatuipendekezi: upande wa chini hunywa unyevu na kutanuka, wa juu unabaki mkavu, na karatasi nzima inajikunja kingo. Na mwenye paka ajue kwamba wavu huu haumbebi paka.

Joto ndilo linaloamua kati ya wavu na kioo kwa sehemu kubwa. Pwani, kifuniko cha kioo huzuia mvuke, na mvuke ndio unaoyapoza maji. Wavu unashinda kwa mbali. Gharama yake ni kujaza: kila sentimita inayoshuka kwenye tangi hilo ni lita 5.4, na kwa maji ya bahari ujazie maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi haiondoki na mvuke. Nairobi, ambako hita hufanya kazi usiku kucha, kioo kinapunguza bili ya umeme.

Hakuna kifuniko kinachotibu sababu ya kuruka. Samaki wote wakianza kujirusha kwa pamoja, acha kuangalia wavu: pima amonia, na uone kama wanahema juu ya maji kwa kukosa oksijeni. Taa inayozimika ghafla nayo huwashtua. Taa ya LED ipungue taratibu kwa dakika 15 hadi 30. Samaki mgeni apokewe taa ikiwa imezimwa, maji yakiwa sm 5 hadi 8 chini ya ukingo, na wavu uwe umeshawekwa kabla mfuko haujafunguliwa.

Kwa tangi la cichlidi, betta au samaki wa matumbawe, tunaipa seti hii 8 kati ya 10. Mbili zilizopungua ni za matundu ya mabomba na raba nyembamba. Ukiagiza kwa fundi, mwambie akuachie pia kidirisha cha kulishia cha sm 10 kwa 10 upande wa mbele chenye bawaba na kikomeo. Kinyume chake utakuwa unainua fremu nzima kila mlo, na siku moja utasahau kuirudisha.